Chuma Kilichopoteza Elektroni: Hesabu za Ioni na Nafasi Yetu Watu wa Pwani

Hotuba iliyotolewa Mombasa mbele ya wanafunzi, walimu na wazazi

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Walimu wenzangu, wazazi wetu, na nyinyi vijana mliojaa mpaka mlangoni, nashukuru kwa kuja.

Nimekuja kuzungumza juu ya kazi isiyojulikana na wengi: kukokotoa tabia za atomu zilizopoteza elektroni nyingi. Tunatafuta ngazi zake za nishati, mwanga unaotoka humo, na yanayotokea elektroni nyingine inapokuja kuigonga atomu hiyo. Mtasema hayo ni mambo ya mbali. Basi nianzie karibu.

Tarehe 12 Disemba 1970 nchi yetu ilikuwa ikisherehekea miaka saba ya uhuru. Siku hiyo hiyo, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano liitwalo San Marco. Ilibeba satelaiti ya Marekani, na kwa heshima ya siku yetu ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kutafuta eksirei za angani tu. Eksirei hizo hazifiki ardhini kwa sababu angahewa huzimeza njiani, kwa hiyo mwenye kuzitaka lazima apande juu. Uhuru ilituachia orodha ya vyanzo 339, na ilionyesha kwamba makundi makubwa ya galaksi yamejaa gesi ya moto.

Miaka minne baadaye, Oktoba 1974, kutoka jukwaa lile lile, ikarushwa Ariel 5 ya Uingereza. Ilipotazama kundi la galaksi la Perseus, mnamo 1976 ikatangazwa habari iliyowashtua wanafizikia: ndani ya gesi ile mlikuwa na mstari wa chuma, yaani mwanga wa nishati moja maalumu unaotolewa na atomu za chuma.

Vijana wangu, hapa ndipo nataka mtulie nami. Nani aliyewaambia kwamba mstari ule ni wa chuma? Hakuna aliyekwenda Perseus kuchota gesi. Mwanga wake husafiri takriban miaka milioni 240 kabla ya kutufikia. Walijua kwa sababu kuna watu waliokaa na milinganyo wakakokotoa chuma cha namna ile kingetoa mwanga wa nishati gani. Na chuma chenyewe hakikuwa katika hali ya chuma cha nanga. Atomu ya chuma iliyotulia ina elektroni 26. Gesi ya Perseus ina joto la takriban nyuzi milioni 50, na katika joto hilo chembe hugongana kwa kishindo hata elektroni zikang'oka moja baada ya nyingine. Atomu nyingi za chuma humo zimebakiwa na elektroni mbili. Mbili hizo zimevutwa karibu mno na kiini, na moja ikirushwa juu kisha ikarudi chini, hutoa eksirei ya elektronivolti 6,700; elektronivolti ni kipimo chetu cha nishati. Mwanga wa kijani tunaouona kwa macho una elektronivolti mbili na kidogo tu.

Atomu iliyopungukiwa elektroni namna hii tunaiita ioni yenye chaji kubwa. Duniani ni adimu. Ukitoka nje ya dunia ni jambo la kawaida kabisa: ipo kwenye jua, kwenye mabaki ya nyota zilizolipuka, na kwenye gesi inayozama kuelekea mashimo meusi.

Kabla ya watu kulielewa hilo, mbingu iliwahangaisha kwa muda mrefu. Tarehe 7 Agosti 1869 jua lilipatwa huko Marekani. Charles Young na William Harkness, kila mmoja akiwa mahali pake, walielekeza spektroskopu zao, vyombo vya kutenganisha mwanga kwa rangi zake, kwenye korona, lile taji la nuru linaloonekana pembeni mwa jua lililofunikwa, wakaona mstari wa kijani. Leo tunajua upo kwenye nanomita 530.3. Hapakuwa na elementi yoyote iliyofahamika yenye mstari huo. Ikasemwa basi ni elementi mpya, ikaitwa koroniamu, na kwa miaka kama 70 ikabaki vitabuni. Mwaka 1939 Walter Grotrian wa Ujerumani akatoa dalili za kwanza kwamba mistari ya korona inahusiana na ngazi za chuma, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 Bengt Edlén wa Sweden akalifunga jambo: mstari wa kijani ni wa chuma kilichopoteza elektroni 13.

Jibu hilo likazaa swali kubwa zaidi. Ili chuma kipoteze elektroni 13, korona lazima iwe na joto la zaidi ya nyuzi milioni moja, ilhali uso wa jua ulio chini yake una nyuzi 5,500 tu za Selsiasi. Inakuwaje ukitoka kwenye moto unakuta moto mkali zaidi? Swali hilo linafanyiwa kazi mpaka leo. Natamani mmoja wenu awe miongoni mwa wanaolifanyia kazi. Na kwa kuwa tumelitaja jua kupatwa, wekeni alama kwenye kalenda zenu: tarehe 2 Agosti 2027 kivuli cha mwezi kitapita juu ya Luxor, Jeddah na Makka. Hapa Mombasa tutaona jua limepunjwa tu, lakini mwenye jamaa Jeddah ajue pa kwenda.

Mstari ule wa kijani una jambo jingine la kufundisha. Ioni ya chuma inayoutoa ikishapandishwa ngazi, hukaa pale wastani wa sehemu moja ya sitini ya sekunde kabla ya kushuka. Kwa atomu huo ni muda mrefu kupindukia. Mistari ya kawaida hutoka ndani ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde au chini ya hapo. Katika gesi nzito ya maabara ioni hiyo ingegongwa na kushushwa kabla haijapata nafasi ya kutoa mwanga wake. Korona ni nyepesi mno, migongano ni michache, kwa hiyo ioni inapata muda wa kusubiri. Maana yake ni kwamba mwangaza wa mstari mmoja ni mashindano ya mambo mawili, kasi ya kutoa nuru na kasi ya kugongwa. Ukizijua zote mbili, mstari utakwambia gesi ile ni nzito kiasi gani na ina joto kiasi gani. Ukikosea moja, utaisoma mbingu vibaya bila kujua kwamba umeisoma vibaya.

Sasa tuingie jikoni. Zinakokotolewa vipi?

Kwa elektroni moja kazi ni safi. Elektroni ya hidrojeni hushikwa na kiini chake kwa elektronivolti 13.6. Kiini kikiwa na protoni nyingi zaidi, zidisha kwa idadi ya protoni mara mbili mfululizo. Chuma kina 26, kwa hiyo 13.6 mara 26 mara 26, tunapata karibu 9,194. Ukweli ni karibu 9,278. Tofauti hiyo ya themanini na kitu haikutoka hewani. Elektroni iliyo peke yake kwenye kiini cha chuma huenda kwa karibu asilimia 19 ya kasi ya mwanga, na kwenye kiini cha urani hufika theluthi mbili. Kwa kasi hizo mlinganyo wa Schrödinger, ule wa kawaida wa kukokotoa elektroni ndani ya atomu, hautoshi. Tunahitaji ule aliouandika Paul Dirac mwaka 1928, unaoweka nadharia ya uhusianifu, ile ya vitu vinavyokaribia kasi ya mwanga, ndani ya mekanika ya kwanta, fizikia ya chembe ndogo kama elektroni.

Zikiwa elektroni mbili au zaidi, hakuna mlinganyo unaotoa jibu kamili. Kila elektroni inasukumana na wenzake, nao wanaisukuma. Douglas Hartree alipendekeza njia mwishoni mwa miaka ya 1920. Fikirieni ngalawa iliyojaa abiria: mmoja akisogea, ngalawa inalala, wengine wanajisogeza, naye inambidi asogee tena, mpaka wote wakapata mahali ambapo hakuna anayehitaji kuhama. Hartree alifanya hivyo kwa elektroni. Unakisia zilipo, unakokotoa msukumo wa wastani wa zile nyingine juu ya kila moja, unapata mahali papya, unarudia mpaka jibu likome kubadilika. Yeye na baba yake, mzee William Hartree, walifanya hesabu hizo kwa mashine za mkono, atomu baada ya atomu. Nawaheshimu sana watu hao wawili.

Wastani haumalizi kazi. Elektroni huepukana papo kwa papo, na hilo wastani hauwezi kulionyesha. Kwa hiyo tunachanganya mipangilio mingi inayowezekana ya elektroni, kila mmoja kwa kiasi chake, na kiasi hicho hupatikana kwa kutatua matriksi, yaani jedwali kubwa la namba. Mipangilio hiyo inaweza kufika mamilioni. Hapo ndipo kompyuta inaanza kulia, na ndipo hekima ya mkokotoaji inapopimwa: aingize mipangilio ipi, aache ipi, na ajuaje kwamba aliyoiacha haina madhara. Katika ioni zenye chaji kubwa tunapata nafuu moja, kwamba mvuto wa kiini unashinda kwa mbali msukumano wa elektroni. Lakini nafuu hiyo ina gharama. Nguvu za sumaku kati ya elektroni, na masahihisho ya elektrodinamiki ya kwanta, nadharia ya elektroni na mwanga, ambayo kwenye atomu nyepesi ni madogo sana, hapa hukua na kudai nafasi yake.

Kisha kuna migongano, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Elektroni huru inakuja kutoka mbali, inaigonga ioni, inaipandisha ngazi na kuondoka imepungukiwa na nishati. Njia nyepesi ni kuichukua elektroni hiyo kuwa wimbi lililopindwa na mvuto wa ioni na kukadiria athari yake mara moja tu. Kwa ioni zenye chaji kubwa njia hii hufanya kazi vizuri kuliko mtu anavyotarajia. Kasoro yake ni moja, nayo ni nzito. Wakati mwingine elektroni inayokuja hainuii kupita. Inatumia nishati yake kuipandisha elektroni ya ndani, yenyewe inakwama, na kwa muda mfupi ioni inakuwa na mgeni asiyetarajiwa. Ama mgeni anatupwa nje, ama ioni inatoa mwanga na mgeni anabaki daima.

Huko kubaki daima ndiko kulikobadilisha fizikia ya jua. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 joto la korona lilipokadiriwa kwa kuangalia ioni zipi zimo, lilikuwa pungufu kuliko joto lililosomwa kwenye upana wa mistari ya mwanga. Vipimo viwili vya kitu kimoja vilikuwa vinabishana. Mwaka 1964 Alan Burgess wa Uingereza akaonyesha kwamba wakokotoaji walikuwa wameipuuza njia hii ya kukamatwa kwa elektroni, na kwamba katika joto la korona ndiyo njia kuu. Alipoiingiza, ioni zikahitaji joto kubwa zaidi ili zibaki zimevuliwa elektroni, na ugomvi ukapungua. Hakurusha chombo wala kununua darubini mpya. Alikokotoa kilichoachwa.

Kuna njia inayoyachukua mambo haya yote kwa pamoja, ya matriksi R. Ilibuniwa na Wigner na Eisenbud mwaka 1947 kwa ajili ya viini, kisha Philip Burke na wenzake wa Belfast wakaijengea nyumba mpya kwenye fizikia ya atomu. Unachora mpaka wa duara kuizunguka ioni. Ndani ya mpaka elektroni zote ni sawa, ya mgeni na za wenyeji, na unatatua tatizo lote gumu mara moja. Nje ya mpaka mgeni yuko peke yake na hesabu ni rahisi. Uzuri wake ni kwamba ukishamaliza ya ndani, unaweza kuuliza swali la nje kwa nishati yoyote. Na unahitaji nishati nyingi, makumi ya maelfu, kwa sababu kule kukwama kwa elektroni hujitokeza kama vilele vyembamba sana ambavyo mwenye haraka huvipita bila kuviona.

Namba hizo huwekwa kwenye hazina za data. CHIANTI, iliyotolewa mara ya kwanza katikati ya miaka ya 1990, hutumiwa na wanaosoma jua duniani kote, bure. Wengi wanaoitumia hawajui majina ya waliokokotoa. Hilo silipendi. Ukichukua namba ya mtu, mtaje.

Nikuonyesheni sasa gharama ya namba isiyo sahihi. Mwaka 2016 Japani ilirusha Hitomi, satelaiti ya eksirei iliyoweza kutenganisha nishati zinazotofautiana kwa elektronivolti tano tu. Ilipotea mwezi uliofuata, lakini ilikuwa imeshaitazama Perseus, lile kundi la Ariel 5. Iligundua kwamba gesi ya kati inachafuka kwa kasi ya kilomita 164 hivi kwa sekunde, utulivu ambao wengi hawakuutarajia. Kisha wanasayansi wakauliza: kuna chuma kiasi gani humo? Wakatumia hazina mbili za data za atomu zinazoaminika, juu ya kipimo kile kile. Majibu yakatofautiana kwa asilimia 16, mara 17 zaidi ya mashaka ya kipimo chenyewe. Chombo kilikuwa bora kuliko vitabu vyetu. Tofauti ilitoka hasa kwenye viwango vya migongano na vya kukamatwa kwa elektroni, hayo hayo niliyokuwa nikiwaeleza. Satelaiti iliyofuata, XRISM, iko juu tangu Septemba 2023, na kila siku inaleta data zinazosubiri namba nzuri za atomu.

Si kila mara mkokotoaji ndiye mwenye kosa. Chuma kilichobakiwa na elektroni kumi kina mistari miwili yenye nguvu karibu na nanomita 1.5, na kwa miaka mingi uwiano wa mistari hiyo haukukubaliana na nadharia. Mwaka 2012 kipimo kilichofanywa California kwa leza ya eksirei kilitoa 2.61, wakati hesabu bora zilikuwa juu ya 3.5. Kipimo cha 2020 nacho kikawa chini. Shinikizo la kusema nadharia imekosea lilikuwa kubwa. Wakokotoaji walirudia, wakaongeza mipangilio, wakatumia programu tofauti zisizotegemeana, na namba ikakataa kushuka. Wakaiacha pale pale. Mwaka 2022 kipimo kipya kilichofanywa Hamburg kwa ustadi zaidi kikatoa 3.51. Nadharia ilikuwa sahihi. Najivunia watu hao ingawa hatujuani, kwa sababu ilikuwa rahisi sana kutafuta njia ya kuipinda hesabu ili ifanane na kipimo.

Kwa hiyo nashikilia jambo moja, na wanafunzi wangu wananijua kwa hili: kokotoeni namba pamoja na kadirio la kosa lake. Tangu 2011 jarida la Physical Review A limewataka wanaokokotoa data za atomu watoe makadirio hayo, sawa na wanaopima maabarani. Namba tupu, hata iwe na tarakimu nane, haimsaidii mtu anayeitegemea.

Kuna upande wa nishati pia, nao nitaupitia kwa ufupi. Huko Cadarache, Ufaransa, unajengwa mtambo wa ITER wa kuunganisha viini kwenye plazma, gesi ya moto iliyovuliwa elektroni, ya nyuzi milioni 150. Kuta zake za ndani zitakuwa za tungsteni, metali inayostahimili joto mpaka nyuzi 3,422 kabla ya kuyeyuka. Mwaka 2023 waliamua kuiweka tungsteni hata pale palipopangwa kuwa berili, metali nyepesi. Chembe za tungsteni zitaingia kwenye plazma, hilo haliepukiki. Katikati ya mtambo kila moja itapoteza zaidi ya elektroni 60 kati ya 74, na zitakazobaki zitamwaga nishati nje kwa njia ya mwanga. Zikizidi chembe chache tu kwa kila laki moja, plazma inapoa. Ili kujua zimo ngapi lazima mtu akokotoe mwanga wake, na tungsteni yenye elektroni kumi na kitu ni hesabu ngumu hasa.

Wazazi wangu, mnaweza kuuliza haya yanamhusu nini kijana wa Kisauni au Likoni. Roketi ziliruka kwetu, hesabu zikafanywa kwingine. Mwaka 1970 sababu ilieleweka: kompyuta zilikuwa chache na kubwa. Leo sababu hiyo imeondoka. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zimetua Mombasa tangu 2009. Programu za kukokotoa atomu, GRASP, FAC na AUTOSTRUCTURE, zinapatikana bila malipo, na majedwali ya mistari ya spektra ya taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, yako wazi kwa kila mtu. Ioni nyepesi inakokotolewa kwa kompyuta ya mkononi. Kule Trieste, Italia, kituo alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964 kwa ajili ya wanafizikia wa nchi kama zetu hufanya mafunzo ya data za atomu pamoja na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Yanayotakiwa ni hisabati, subira na uaminifu. Hisabati tutawafundisha. Mengine mawili nyumbani mmeshaanza.

Wenye nia tutakutana Jumamosi baada ya adhuhuri kwenye chumba cha kompyuta. Tutaanza na oksijeni iliyobakiwa na elektroni mbili, kwa sababu ni ndogo na majibu yake yanajulikana. Mstari wake mkuu uko karibu na elektronivolti 574, na ule unaochelewa kutoka uko karibu na 561. Mtaanza na mpangilio mmoja wa elektroni, mtaandika jibu, mtaongeza mipangilio, mtaandika tena, na mtatazama namba inavyosogea. Ikiwa bado inasogea, hamjamaliza. Ikitulia mbali na 574, tutakaa pamoja kutafuta tulichokiacha. Kila mmoja aje na daftari, na kila jibu liwe na kadirio la kosa pembeni yake. Sasa nakaribisha maswali, na nitaanza na wale walio mlangoni.